Supu nzito ya mahindi na samaki: mahindi magumu, kamba wamekuwa mpira, tui limekatika

mkazi_wa_Tudor

Assalam aleikum jamani. Nataka kupika ile supu nzito ya samaki, kamba na mahindi ambayo Wamarekani huiita chauda, na huipika Agosti kiangazi chao kikielekea mwisho. Mapishi niliyofuata yasema punje za mahindi dakika 5, kisha maziwa na krimu, samaki na kamba mwisho. Badala ya maziwa nilitia tui. Matokeo: mahindi hayatafuniki, kamba mpira, tui limekatika, mafuta juu maji chini. Nilikuwa na mahindi mabichi 5 ya soko la Kongowea, Mombasa, changu mmoja wa kilo, kamba nusu kilo na maganda yao, nazi 2. Walaji 6. Nimekosea wapi?

kifumbu

Wa aleikum salaam. Kosa la mzizi ni mahindi. Wao hutumia mahindi matamu, aina nyingine kabisa, punje laini yenye sukari nyingi; dakika 5 zayatosha. Haya yetu meupe ni mahindi ya unga, ila yamevunwa machanga. Wanga ni mwingi na ngozi ya punje ni nene, kwa hiyo yataka nusu saa na zaidi.

Sokoni funua ganda kidogo, bonyeza punje kwa ukucha. Likiruka jimaji jeupe kama maziwa, chukua. Ukitoka ujiuji, hayo ni ya kuchoma. Yapike siku hiyo hiyo, maana yakilala sukari yageuka wanga. Na usitie magadi ili yalainike: yatalainika kweli, lakini supu itanuka sabuni.

Wanga huo utakufaa pia, hutahitaji unga wa ngano. Mahindi 3 kata punje kwa kisu, 2 yakune kwenye kikwaruzo, upande wa matundu makubwa, mpaka gunzi lionekane. Magunzi usitupe.

Sasa supu yenyewe. Menya kamba, weka nyama kwenye barafu. Vichwa na maganda kaanga kwa mafuta vijiko 2 vikubwa, dakika 4 hivi, mpaka yawe mekundu na kunukia. Tia kichwa na mifupa ya changu (matamvua yametolewa, ndiyo yaletayo uchungu), magunzi yaliyovunjwa, maji lita 1½. Itokote polepole dakika 25, ukiengua povu. Usipitishe hapo, mifupa ya samaki si ya ng'ombe. Ikikaa sana motoni supu huwa na ladha ya chokaa. Chuja kwa kitambaa, itabaki lita moja na kidogo.

Sufuria nyingine: kitunguu kikubwa 1, thomu punje 4, manjano robo kijiko cha chai, vilainike bila kubadilika rangi. Mwaga supu, tia punje zilizokatwa, dakika 20. Kisha viazi 3 vilivyokatwa dado za sentimita 1½, chumvi, na pilipili mbuzi moja nzima isiyopasuka, dakika 10. Viazi aina ya Shangi huvunjika upesi, na hapa ni heri, huongeza uzito. Mwisho mahindi yaliyokunwa pamoja na tui la pili (lile jepesi, la kukamua mara ya pili), dakika 10, na hapa usiondoke jikoni: hushika chini ghafla. Mwiko ukipita uache njia, na njia ijifunge polepole. Ikijifunga mara moja, bado nyepesi.

bi_mkunanazi

Mwanangu, nazi 2 zilizokomaa, kuna, tia kikombe kimoja cha maji ya uvuguvugu, kamua: hilo ni kasimile, liweke kando. Rudia kwa vikombe 2, hilo ndilo tui la pili. La pili lastahimili kuchemka. Kasimile hapana. Moto mkali hugandisha protini iliyoyashika mafuta, mafuta yakajitenga. Litie wakati supu imeshakuwa nzito, kwa sababu wanga hulishika, moto mdogo kabisa, ukikoroga upande mmoja mpaka ipande fukuto. Sufuria isifunikwe. Ndimu usitie jikoni; kila mtu ajikamulie bakulini. Nyanya nazo acha, ukali wake huchelewesha mahindi kulainika na hukata tui.

Tui likishakatika, teka miiko 2 ya viazi na mahindi, saga laini, rudisha ukikoroga. Halitakuwa kama lililotulia, lakini laweza kuandaliwa mbele ya wageni.

mvuvi_wa_Likoni

Kwenye vya baharini. Kasimile likishaingia, tia vipande vya samaki vya sentimita 4, dakika 4 bila kukoroga, tikisa sufuria tu. Kisha kamba, dakika 2. Zima, wacha dakika 3, joto lililomo litamaliza. Kamba akijikunja nusu duara ameiva. Akifunga pete umeshampoteza.

Changu ni mzuri, lakini ana miiba. Mpasue minofu, uipapase kwa kidole kabla ya kukata. Tewa ni bora zaidi, nyama nene haivurugiki. Nguru hukauka. Mwezi wa Agosti kusi bado lavuma, vyombo vidogo vingi havitoki, na samaki wengi sokoni wametoka kwenye barafu, kwa hiyo tazama jicho na matamvua kabla ya kuuliza bei. Kamba mwenye kichwa cheusi kinachong'oka chenyewe, mwachie mwenyewe. Ngisi akiwepo, pete nyembamba, dakika 1 pamoja na kamba.

mkazi_wa_Tudor

Shukran sana. Na tui la kopo? Au maziwa kama wao?

kifumbu

La kopo mara nyingi lina kitu cha kulishikisha, ndiyo maana halikatiki ovyo. Kopo moja la mililita 400: nusu liongeze maji liwe tui la pili, nusu ndiyo kasimile. Harufu ya nazi itapungua. Maziwa pia yafaa, lakini nusu lita ya maziwa mazito, mwisho, moto mdogo vivyo hivyo. Usichanganye maziwa na tui, ladha zinagombana.

bi_mkunanazi

Na ule kwa mkate wa mofa. Wamarekani huvunjia biskuti kavu za chumvi, mofa hunyonya supu vizuri zaidi.

mkazi_wa_Tudor

Ikibaki?

mvuvi_wa_Likoni

Kwa joto la Mombasa isikae nje zaidi ya saa 2. Toa samaki na kamba, uvihifadhi mbali na supu frijini. Kesho pasha supu peke yake mpaka ianze kufuka, ndipo uvirudishe, dakika 1.