Je, Shinichi Sekizawa ndiye aliyezipunguzia uzito filamu za Godzilla?

Swali

Ndugu wanajukwaa, nimekuwa nikizitazama filamu za Godzilla na madubwana wengine za studio ya Toho ya Japani kwa kufuata miaka zilipotoka. Ile ya kwanza, ya mwaka 1954, ni maombolezo ya nchi iliyopigwa mabomu ya nyuklia, ilhali ile ya 1962, Godzilla anapopambana na King Kong, inachekesha karibu mwanzo hadi mwisho. Kwa kuwa zote mbili ziliongozwa na Ishiro Honda, je, ni haki kusema kwamba mwandishi wa skripti ya pili, Shinichi Sekizawa, ndiye aliyezipunguzia uzito?

Jibu la kwanza

Kwa heshima, ndugu, sikubaliani nawe. Sekizawa hakuuacha uchungu ule, bali aliuelekeza kwa wafanyabiashara. Katika hiyo ya 1962, King Kong anasafirishwa kuelekea Japani kwa sababu tu mkuu wa matangazo wa kampuni ya dawa anataka kipindi cha televisheni anachokidhamini kipate watazamaji. Katika Mothra ya 1961, wasichana wawili wenye kimo cha sentimita 30 hivi wanatekwa kisiwani kwao na kuimbishwa jukwaani, na waliolipa kiingilio wanauona wimbo ule kuwa burudani, kumbe wasichana wanamwita mungu wao aje kuwaokoa. Tazama pia ile ya 1964, ambamo yai kubwa ajabu linaletwa ufukweni na tufani, wavuvi wanaliuza, na bei yake inakokotolewa kwa kulilinganisha na mayai ya kuku. Sijaona kwingine tamaa ya Japani ya miaka ile ya ukuaji wa kasi wa uchumi ikionyeshwa kwa uwazi namna hiyo.

Jibu la pili

Muulizaji ana haki katika jambo moja: mwandishi ana uzito wake. Mwaka 1963 Honda aliongoza skripti ya Sekizawa, Atragon, yenye nyambizi inayoruka angani, na vilevile Matango ya Takeshi Kimura, ambamo watu waliokwama kisiwani wanakula uyoga na hatimaye kugeuka uyoga wenyewe. Mwongozaji ni yuleyule, lakini Kimura haachi tumaini lolote. Sekizawa, kwa upande wake, alikuwa pia mtunzi wa mashairi ya nyimbo. Ndiye aliyeandika maneno ya "Yawara", wimbo wa mwimbaji Hibari Misora wa mwaka 1964 uliopendwa mno nchini Japani, na naamini kipaji hicho cha kusema na umma mpana ndicho kinachosikika katika filamu zake.

Muuliza swali

Nawashukuru kwa ufafanuzi. Hata hivyo, filamu zake za 1966 na 1967, zinazotokea visiwani mbali na miji, bado naziona nyepesi.

Jibu la tatu

Hizo hata mimi sizitetei sana. Ila usiipite ya 1969, ambayo wengi huidharau kwa sababu imetumia tena vipande vya filamu za nyuma. Mhusika mkuu ni mtoto Ichiro wa mji wa viwanda wa Kawasaki, ambaye wazazi wake wanashinda kazini, naye anaonewa na wenzake na kujifariji kwa kuota kisiwa cha madubwana. Sekizawa aliandika humo kuhusu upweke wa watoto wa wafanyakazi, na aliwaandikia watoto wenyewe.