Brashi za rangi ya mafuta: tapentaini, mafuta ya kula au sabuni tupu?

Turubai: Wakuu, nachorea kwenye chumba kidogo na tapentaini inaniumiza kichwa. Wengine wanasema mafuta ya kula yanatosha, wengine sabuni tupu. Kipi kinasafisha kweli bila kuua brashi?

MzeeWaFremu: Kwa haraka, tapentaini haina mpinzani. Ila inakausha nywele, hasa za mnyama, na ukiitumia kila siku brashi inageuka ufagio. Fungua madirisha. Ukimaliza usiimwage: funika kopo, rangi ikituama chini, mimina ile safi ya juu kwenye chupa uitumie tena. Thina sitaki hata kuisikia, inababua mpini.

BintiWino: Mimi ni wa mafuta. Futa brashi kwanza kwa kitambaa mpaka kisishike rangi. Nusu ya kazi imekwisha hapo, na wengi wanaruka hatua hii. Kisha chovya kwenye mafuta ya alizeti, kamua, rudia. Mwisho sabuni, lazima, maana mafuta yakibaki yatachelewesha rangi ya kesho kukauka.

Turubai: Ya kitani je, dada? Ninayo tayari.

BintiWino: Yanafaa, ila hukauka haraka kuliko ya alizeti. Ukilala hujaosha, brashi inaanza kunata. Na vitambaa usivirundike! Mafuta ya kitani yakikauka hutoa joto, rundo linaweza kuwaka lenyewe. Vikunjue, uvianike nje.

Povu: Sabuni tupu inaweza, mradi rangi ni mbichi. Maji ya vuguvugu. Ya moto yanalegeza gundi inayoshika nywele. Zungusha brashi kiganjani, suuza, rudia mpaka povu liwe jeupe. Halafu bana nywele pale zinapoingia kwenye bati. Rangi ikichuruzika, bado. Uchafu ukigandia humo, ncha haikutani tena.

MzeeWaFremu: Hilo la bati nakuunga mkono. Kisha ichonge ncha kwa vidole na uilaze ikauke. Kuisimamisha kichwa chini koponi ni kuipinda.

Mpitaji: Wenye akriliki, rangi ya kuchanganya na maji, msifuate haya. Ile ikikauka ni plastiki, osheni kwa maji papo hapo.

Turubai: Basi kitambaa, alizeti, sabuni. Na iliyokwisha kuwa ngumu kama kijiti?

MzeeWaFremu: Usihangaike nayo. Kata nywele ziwe fupi, ikusugulie rangi kavukavu unapochora mawe na magome ya miti.