Kundi la harusi ya Rukia: kopo la dagaa la dola milioni 50

Kassim: [video] Atakayetazama hii mpaka mwisho bila kucheka namtumia vocha

Ami Hemed (Mhazini): Kassim, hili ni kundi la mchango wa harusi. Katuni peleka kwa watoto.

Kassim: Shikamoo ami. Hii si ya watoto. Ni Futurama, katuni ya Kimarekani, ipo tangu 1999.

Ami Hemed (Mhazini): Marahaba. 1999 mimi nishaoa.

Nassor Muscat: 😂😂😂

Nassor Muscat: Muacheni Kassim leo Ijumaa. Mimi nnayo yangu. Yule profesa wa humo, Farnsworth. Kila akiingia chumbani anatangaza ana habari njema kwa wote, halafu habari yenyewe ni kuwapeleka wafanyakazi wake sayari ambayo hakuna anayerudi mzima

Nassor Muscat: Sitaki kusema ananikumbusha nani humu

Da Zuhura: Mhazini

Kassim: Mhazini

Mama Rukia: Jamani 🤣 "Assalaam aleikum ndugu zangu, nina taarifa nzuri." Ukifungua, mchango umepanda.

Ami Hemed (Mhazini): Mchango umepanda kwa sababu mchele umepanda. Endeleeni tu.

Da Zuhura: Shangazi asije akapotea, nieleze kidogo. Kijana wa New York, Fry, kazi yake kupeleka piza. Usiku wa kuamkia mwaka 2000 anatumbukia kwenye jokofu la kugandishia watu, anazinduka mkesha wa mwaka 3000. Anamkuta mtu mmoja tu wa damu yake, huyo profesa. Ki ukoo ni kitukuu cha mbali sana cha ndugu yake, lakini mzee ana miaka zaidi ya 150. Ana kampuni ya kusafirisha mizigo angani. Fry anaajiriwa hapo.

Nassor Muscat: Na siku anaajiriwa, profesa anatoa bahasha yenye vichipu vya kazi, vile wanavyopachikwa mkononi, vya wafanyakazi waliotangulia. Bahasha imeandikwa vitu vilivyotolewa tumboni mwa nyigu wa angani 💀

Nassor Muscat: Na wanakubali kazi!!

Shangazi Mwanakombo: Waaleikum salaam. Nimeona ujumbe mia na nikadhani kuna msiba. Kumbe nyigu.

Kassim: Shikamoo shangazi. Subiri, kuna yako. Video niliyotuma ni ya dagaa.

Shangazi Mwanakombo: Marahaba. Dagaa gani?

Kassim: Fry anakumbuka alikuwa na akaunti benki kabla hajaganda. Senti 93. Anakwenda benki, karani anamfanyia hesabu ya riba ya miaka 1000. Anatoka na dola bilioni 4.3

Kassim: Anaanza kununua vitu vya zamani. Siku moja anatamani piza yenye dagaa. Anaambiwa dagaa walishatoweka duniani zamani. Anasikia kuna kopo moja tu limebaki linapigwa mnada. Analinunua dola milioni 50

Shangazi Mwanakombo: Kopo?

Kassim: Moja

Shangazi Mwanakombo: La dagaa?

Kassim: Ndiyo shangazi

Shangazi Mwanakombo: 🎤 Ujumbe wa sauti

Da Zuhura: Kwa walio kazini hawawezi kusikiliza: shangazi anasema ameanza kuchemsha na kuanika dagaa Mangapwani kabla Kassim hajazaliwa, moshi umemmaliza macho, mvua ikinyesha mzigo mzima unaoza, na wateja wake Wakongomani wanavutana naye kwa shilingi mia. Anataka namba ya huyo kijana.

Nassor Muscat: Huo mnada ndiyo kilele. Anashindana na bibi mmoja tajiri mwenye kiwanda cha maroboti, jina lake Mama. Fry anataja bei kwa sauti kubwa, ukumbi mzima unashtuka. Dalali anamwambia bwana, hiyo uliyotaja si namba. Ukumbi unashtuka upya kwa nguvu ile ile 😭

Mama Rukia: Na huyo bibi tajiri dagaa wa nini?

Nassor Muscat: Anadhani Fry anajua siri yake. Mafuta ya dagaa yanalainisha viungo vya roboti maisha, halihitaji tena mafuta ya kiwanda chake. Biashara yote ingekufa. Kumbe mwenzake ana njaa tu

Kassim: Hapo ndipo nawavulia kofia waliotunga. Mtu mmoja anaona vita ya uchumi, mwingine anaona chakula cha jioni

Da Zuhura: Mimi nimepiga ile hesabu. Sikuamini. Ndani ya katuni wanataja riba ya asilimia 2.25 kwa mwaka. Chukua 0.93, zidisha kwa 1.0225 mara 1000. Inakuja dola bilioni 4.28. Hawakubuni! Nitaipeleka darasani Jumatatu, Kidato cha Tatu wataelewa riba juu ya riba kwa mara ya kwanza.

Ami Hemed (Mhazini): Zuhura umesema riba?

Da Zuhura: Ndiyo ami

Ami Hemed (Mhazini): Basi mali yake halali ni senti 93. Bilioni zote hizo ni haramu tupu.

Kassim: 😂😂😂😂😂

Nassor Muscat: NIMEKUFA

Ami Hemed (Mhazini): Mnacheka nini? Nauliza, zimeishia wapi hizo pesa?

Kassim: Wanawe yule bibi tajiri wanamdanganya, wanamwibia namba ya siri ya kadi. Akaunti inakombwa yote. Anabaki na kopo

Ami Hemed (Mhazini): Alhamdulillah. Ametakasika.

Mama Rukia: Hemed jamani 🤣🤣 nimeunguza vitunguu

Shangazi Mwanakombo: Na dagaa walikuwa watamu?

Kassim: Anawawekea wenzake kwenye piza. Wote wanatema

Shangazi Mwanakombo: Hawakuwaosha. Dagaa wa kopo ana chumvi, lazima umuoshe.

Kassim: Isipokuwa Zoidberg. Daktari wa kampuni, mfano wa kambakoche, ana makucha na vindevu vya nyama. Anaonja mmoja, anapagawa, anataka wengine. Hakuna tena. Na mapema profesa alishataja kwamba dagaa walimalizika baharini wakati ule ule kabila la Zoidberg lilipohamia duniani. Zoidberg anang'aka kwamba yeye hajashtakiwa 😂

Shangazi Mwanakombo: Huyo ndiye mteja.

Da Zuhura: Kwangu mimi hata hivyo, Hermes juu ya wote. Mhasibu wao, Mjamaika. Mtu anayependa fomu kama watu wengine wanavyopenda halua. Wanampeleka makao makuu ya urasimu, anakuta mlima wa mafaili uliovurugika, anaupanga wote huku anaimba. Anamaliza zikiwa zimebaki sekunde mbili. Mkubwa wao anamshusha cheo kwa sababu karani mzuri hamalizi kabla ya wakati.

Mama Rukia: Hiyo si katuni hiyo. Hiyo nimeiishi nikitafuta cheti cha kuzaliwa cha Rukia.

Da Zuhura: Ngoja. Kuna bibi mmoja mkali wa ofisini anawatesa wote. Anaangushwa na nini? Fomu yake ya zamani imegongwa muhuri mara nne badala ya tano.

Ami Hemed (Mhazini): Hapo nimemuunga mkono Hermes. Mihuri ni mihuri.

Nassor Muscat: Tulijua

Kassim: Mnamsahau Bender. Roboti mwizi, mlevi, lazima anywe pombe ndiyo betri ijae. Kila mara anajigonga kifua na kujisifu ana asilimia 40 ya madini fulani. Leo zinki, kesho titani, keshokutwa dolomiti. Jumlisha, ishafika 120

Da Zuhura: Waandishi wa katuni hii hesabu wanazijua. Mmoja wao, Ken Keeler, ana udaktari wa hesabu wa Harvard. Mwaka 2010 walitoa sehemu ambayo watu wanabadilishana miili kwa mashine, na mashine haikubali wawili wale wale warudishane. Keeler akathibitisha kihesabu kwamba ukiongeza watu wawili tu, kila mtu anarudi mwilini mwake, hata wakivurugika vipi. Ndani ya katuni wanaoleta jawabu ni wacheza mpira wa kikapu.

Mama Rukia: Sijaelewa ila sawa

Nassor Muscat: Nyingine ni ile wanarudi nyuma mpaka Roswell, Marekani, mwaka 1947, pale watu wanaposema chombo cha viumbe wa angani kilianguka. Zoidberg anakamatwa na wanajeshi, wanampasua kumchunguza yu macho, wanautoa moyo wake, yeye wala, anayo mingine. Ile ilipata Emmy, tuzo ya televisheni. Na Fry huku nyuma anakutana na bibi yake akiwa kigori, sasa bwana, kumbe yeye mwenyewe ndiye

Nassor Muscat: *Ujumbe huu umefutwa*

Ami Hemed (Mhazini): Nimeusoma.

Nassor Muscat: Samahani ami. Mama pia yumo humu, samahani

Kassim: 💀💀💀

Mama Rukia: Ile ya mbwa ndiyo naijua, Rukia alinionyesha. Sicheki kabisa. Nililia mpaka adhuhuri.

Da Zuhura: Seymour, mbwa wa Fry. Tusiizungumze ile.

Bibi Fatma: 🎤 Ujumbe wa sauti

Rukia: Bibi anauliza huyo daktari kambakoche ana mke. Anasema daktari ni daktari, na tunaye Mwajuma hajaolewa.

Kassim: Mwambie bibi hali yake dhaifu. Ni daktari asiyejua chochote kuhusu mwili wa binadamu, hana nyumba, anaokota chakula jalalani

Rukia: Anasema yote hayo yanarekebishika.

Kassim: Na kabila lake wakishajamiiana wanakufa hapo hapo

Bibi Fatma: 🎤 Ujumbe wa sauti

Rukia: Anauliza, mahari yalipwe kabla au baada.