Mtihani wa urubani wa Navy ya Marekani (ASTB): sehemu ya droni na joistiki mnaifanyiaje mazoezi?

Mpiga_Kasia
Wadau, salaam. Hesabu na ufahamu sina wasiwasi navyo. Kinachonichanganya ni ile kamera ya droni: unaambiwa piga picha maegesho ya kaskazini, na droni yenyewe inaelekea kwingine kabisa. Halafu hedifoni na joistiki kwa pamoja. Nina wiki 6. Nyumbani nifanye nini?

Nyuzi360
Mkuu, droni ndiyo rahisi kurekebisha. Skrini ina pande mbili. Ramani ya kushoto inaonyesha droni inakoelekea, na kaskazini yake iko juu daima. Picha ya kamera iko kulia, juu yake ni kule droni inakoelekea. Wengi hukosea kwa kusoma picha kama ramani.

Chukua nyuzi za maegesho (kaskazini 0, mashariki 90, kusini 180, magharibi 270), toa nyuzi za uelekeo wa droni. Ikitoka hasi, ongeza 360. Jibu lihesabu kuanzia juu ya picha, kufuata mshale wa saa. Mfano: droni inaelekea kusini-magharibi, 225, unatakiwa maegesho ya mashariki. 90 toa 225 ni -135, ongeza 360 unapata 225: chini kushoto.

Hiyo ni ya kuelewea tu, kwenye mtihani muda unapimwa. Tengeneza kadi 32 (uelekeo 8 mara maegesho 4), uzichanganye kila siku mpaka jibu lije bila hesabu. Anza kwa kuitafuta kaskazini: droni ikienda mashariki, iko kushoto, ikienda kusini, iko chini, ikienda magharibi, iko kulia.

Fundi_Bawa
Joistiki: kwenye mchezo wowote wa ndege, weka mhimili wa juu-chini ufanye kazi kama ndege halisi, ukivuta pua inapanda. Mkono wa kulia joistiki, wa kushoto throto (mkono wa kuongeza na kupunguza kasi). Usiikimbize shabaha kwa nguvu, utaipita kisha urudi na kuipita tena. Sogeza kidogo kidogo.

Hedifoni zinakusomea herufi na namba masikio yote mawili, nawe unajibu za sikio uliloambiwa tu: namba shufwa kitufe kimoja, witiri kingine. Rekodi sauti mbili tofauti, moja kila upande, usikilize huku ukilenga shabaha. Kosa la kawaida ni mtu kushikilia shabaha na kuyasahau masikio, asigundue kwamba sikio limeshabadilishwa.

Tezi_na_Omo
Umesema hesabu huna wasiwasi, ila kikokotoo hakiruhusiwi na swali ulilopita hulirudii. Bomba moja linajaza tangi kwa saa 6, jingine kwa saa 3, yote mawili je? Kama saa 2 haikuja kichwani, rudi kwenye hesabu za sehemu (nusu, theluthi na kadhalika).

Maswali ya meli na ndege nayo yamo. Ya meli: kushoto taa nyekundu, kulia kijani. Maili ya bahari ni mita 1852, noti ni maili hiyo moja kwa saa. Mtu wa pwani asidanganyike na goshi na demani, hizo hufuata upande wa upepo. Kushoto na kulia kwa meli hakubadiliki hata upepo ugeuke. Ya ndege: njia ya kurukia namba 09 inaelekea takriban nyuzi 90, na ile ile ukiijia upande wa pili ni 27. Msimbo ambao rubani huweka ili waongozaji ndege waone kwenye rada: 7700 dharura, 7600 redio imekufa, 7500 utekaji.

Mpiga_Kasia
Nikifeli, narudia mara ngapi?

Tezi_na_Omo
Mara 3 maisha yako yote, ya kwanza ikiwemo. Kadi zikikuchanganya bado wiki ya 5, sogeza tarehe.