Naomba ushauri: spika za omu 16 kwenye Twin Reverb

Salaam aleikum wadau, naombeni msaada. Tuna ampu ya Fender Twin Reverb ile ya taa (valvu), ndo tunapigia gitaa kwenye maharusi hapa Malindi, sasa spika zake mbili za inchi 12 zimekwisha, chumvi ya bahari imekula fremu na koni moja imechanika pembeni kote. Zile za zamani ni omu 8 (kipimo cha ukinzani wa umeme) kila moja, zimeungwa paralel zikatoa 4 ambayo ndo transfoma ya ampu inayolisha spika inataka.

Nimepata pea safi ya spika za Celestion lakini ni omu 16, kwa mita kila moja inasoma kama 13 hivi, ambayo ni kawaida kwa spika ya 16. Nikiunga paralel napata 8, siriz ndo 32, hiyo hata sifikirii. Polariti nshajaribu na betri ya tochi, koni zote zinasukuma nje pamoja. Wati hazina shida, ampu ni 85 na kila spika inabeba 60. Sijawasha bado manake transfoma ikiungua huku pwani utaipata wapi?

Sasa wajuzi, hiyo 8 badala ya 4 itaumiza transfoma na taa, ama itapunguza nguvu tu? Na je, nizirudishe nitafute za omu 8?