Mbegu za gomfrena hazioti, nisaidieni

Muulizaji: Habari zenu wapenzi wa bustani. Nimesia gomfrena mara mbili, wiki tatu sasa hakuna hata mche mmoja. Nayataka maua haya kwa ajili ya vipepeo. Nakosea wapi?

Jibu: Pole sana. Mbegu zake zimevaa manyoya meupe kama pamba, maji hayapenyi upesi. Mimi huziloweka usiku kucha, kisha nazifunika kwa udongo kidogo tu, wenye joto. Siku 10 hadi 14 zinachomoza.

Jibu: Na usizidishe maji, mizizi itaoza. Huyu ni ndugu wa mchicha, jua kali halimsumbui.

Jibu (yule wa kwanza): Yakichanua, chuchumaa karibu. Lile tufe la zambarau unaloliona si petali, ni vijani vikavu. Maua yenyewe ni madogo mno, yamechungulia katikati yake. Jana nilimtazama kipepeo akizunguka tufe zima, akichomeka mrija wake ua kwa ua, hata kivuli changu hakikumshtua! Nyuki nao huja. Tafadhali usipulize dawa ya wadudu hapo, utawaua hao hao unaowangoja.

Muulizaji: Asanteni mno. Naloweka jioni hii.