Jiko dogo la gesi ufukweni Msimbati: upepo wa kusi ulinifanya nijiunguze uani

MwalimuLindi ameuliza:

Salaam kwenu nyote, na kwa walionizidi umri shikamooni. Mimi ni mwalimu hapa Lindi mjini, na sikukuu ya Nanenane mwaka huu, badala ya kwenda Ngongo kwenye maonyesho kama tulivyozoea, familia yangu na ya shemeji yangu tumekubaliana kwenda Msimbati tukalale ufukweni katika mahema kwa siku mbili. Tutakuwa watu wazima watano na watoto wanne. Kwa safari hiyo nimenunua jiko dogo la gesi la kubebeka, lile bapa linalouzwa ndani ya sanduku la plastiki lenye mshikio kama mkoba, ambalo kopo lake la gesi hulazwa ubavuni chini ya kifuniko na kubanwa kwa wenzo mdogo.

Juma lililopita nililijaribu uani. Upepo wa kusi ulikuwa unavuma, moto ukawa unalalia upande mmoja na maji ya chai hayachemki, nami nikaona dawa ni kulizungushia vipande vya bati pande zote nne, nikaacha upenyo wa kupitisha mkono tu. Moto ukatulia. Baada ya kama dakika kumi ule mvumo wake ukakatika ghafla; nikachungulia nikakuta umezimika, na bila kufikiri nikazungusha swichi ili niuwashe tena. Moto uliruka kutoka ndani ya yale mabati hadi usawa wa kifua changu, ukaniunguza mkono wa kulia hadi karibu na kiwiko. Nilipaka dawa ya meno, na sasa imebaki alama tu. Lakini kilichonitisha zaidi ni kwamba nilipotaka kulitoa kopo, lilikuwa la moto kiasi kwamba sikuweza kulishika.

Siku zote nimeamini kwamba hatari ya gesi iko ndani ya nyumba, na kwamba nje inayovuja huchukuliwa na upepo. Rafiki yangu mmoja ananiambia hata bila upepo gesi ni nyepesi na hupaa yenyewe, kama hii ya kwetu ya Mnazi Bay. Je, kosa langu lilikuwa wapi? Niache jiko hili nibebe mtungi wa kilo 6 wenye kichomeo juu? Na mama watoto anauliza kama ugali unaweza kusongwa juu ya jiko kama hili.

FundiMajikoLigula amejibu:

Pole sana, mwalimu, na mshukuru Mungu kwamba uso ulikuwa mbali.

Nianze na rafiki yako, kwa sababu kosa lake ni la watu wengi hapa Mtwara. Gesi inayochimbwa Mnazi Bay, na ile ya Songo Songo kule Kilwa, kwa sehemu kubwa ni methani, ambayo ni nyepesi kuliko hewa na kweli hupaa. Iliyomo katika kopo lako na katika mitungi ya dukani ni nyingine kabisa: ni butani au propani, au mchanganyiko wa hizo mbili, iliyoshindiliwa hadi ikawa kimiminika. Propani ni nzito kuliko hewa kwa takriban mara moja na nusu, na butani kwa takriban mara mbili. Gesi hiyo haipai. Hushuka, hutambaa chini, hutafuta shimo au kona na kutuama humo kama maji, na inatosha iwe sehemu 2 tu katika sehemu 100 za hewa ili ipate kuwaka.

Sasa tazama ulichokifanya uani. Ulikuwa nje, ni kweli, lakini kwa mabati yale manne ulijenga chumba, na kwa jiko lililomo ndani yake hapakuwa nje tena. Moto ulipozimika, gesi iliendelea kutoka kwa sababu swichi ilikuwa wazi, na ikajaa humo ndani kama maji kwenye beseni. Cheche yako ndiyo iliyoikamilisha kazi. Ukiukuta moto umezimika, jambo la kwanza ni kufunga swichi, la pili ni kuondoa chochote kilicholizunguka jiko, kisha usubiri dakika tano ukiwa umesimama upande unakotoka upepo, na uwashe tena baada tu ya kuhakikisha kwamba husikii harufu. Harufu ile, kwa taarifa yako, imetiwa kiwandani kwa makusudi, maana gesi yenyewe hainuki.

Kuhusu kopo kuwa la moto, hapo ndipo ulipokuwa karibu na balaa kubwa kuliko hilo la mkono. Katika hali ya kawaida kopo hupoa linapotumika, kwa kuwa kimiminika kinachogeuka kuwa gesi hunyonya joto. Ukilitazama vizuri utaona hata linatoka jasho kwa nje. Kopo la moto ni ishara kwamba joto la kichomeo limekosa pa kwenda na linarudi kulipika kopo lenyewe. Makopo mengi yameandikwa onyo kwamba yasifikie nyuzi joto 50. Majiko mengine yana kifaa kinacholisukuma kopo lijitoe lenyewe likizidiwa na mgandamizo, lakini mimi nimeletewa majiko ambayo kifaa hicho kimeshika kutu, na huku pwani kila kitu kinashika kutu, kwa hiyo usikitegemee. Upepo uukinge kwa upande mmoja tu, ule unakotoka, na kikingio kikae nusu hatua kutoka kwenye jiko. Upande wa kopo uwe wazi wakati wote.

Ukitaka rai yangu kuhusu mtungi, kwa watu tisa beba wa kilo 6 kwa ajili ya mapishi, na hicho kidogo kiwe cha chai. Mtungi usafiri ukiwa wima na madirisha ya gari yakiwa wazi, na kichomeo kifungwe juu yake mkifika, si kabla. Kabla ya kukifunga, kitazame kile kimpira cha mviringo cha kuziba. Kikiwa kimekauka au kimepasuka, badilisha. Kisha paka povu la sabuni kwenye kiungo na ufungue gesi kidogo bila kuwasha: mapovu yakivimba, panavuja. Kuna watu hupima uvujaji kwa kiberiti. Sina la kuwaambia hao.

MamaMikindani amejibu:

Mwalimu, pole. Mimi nimepika chakula cha kuuza hapa Mikindani kwa miaka mingi, kwa kuni, mkaa, na sasa gesi, kwa hiyo niachie la ugali nilijibu mimi.

Kwenye hilo jiko la mkoba, usisonge. Anayesonga ugali wa watu tisa husukuma kwa mabega, na jiko lenyewe ni jepesi kuliko sufuria iliyo juu yake. Nilimwona kijana mmoja akisonga juu ya jiko la aina hiyo: sufuria ilianza kuzunguka pamoja na mwiko, kisha jiko lote likateleza mezani kama sahani. Hata kwa mtungi wa kilo 6, mtu mmoja ashike sufuria kwa vitambaa viwili vikavu na mwingine asonge, au uji ukishakuwa mzito zima moto, teremsha sufuria chini, maliza kusonga, kisha rudisha juu ugali uive kwa moto mdogo. Mimi ningebeba mihogo na ming'oko ya kuchemsha, nikauacha ugali nyumbani.

Jambo jingine ni ukubwa wa sufuria. Sufuria pana inayozidi jiko na kufunika upande wa kopo hurudisha joto kulekule anakokusemea fundi. Pweza huchemka kwa muda mrefu, kwa hiyo pweza wa watu tisa ni kazi ya mtungi. Tena katika majiko haya, kile chuma cha kuwekea sufuria hugeuzwa juu chini ili sanduku lifunge. Wengi husahau kukigeuza wakati wa kupika, sufuria ikakaa vibaya na moto ukaenda pasipopasa.

Mchanga wa Msimbati ni laini na haushiki. Beba ubao mpana wa kuweka chini ya mtungi, uushindilie kwa mguu kabla ya kuweka kitu juu yake, na jiko dogo lisikae mchangani kabisa, kwa sababu chembe za mchanga zikiingia kwenye vitundu vya kichomeo moto hugeuka kuwa wa njano na kupaka sufuria masizi.

Na wapishi wajifunge kibwebwe. Nasema hivi kwa uzito wote. Ncha ya kanga inayopeperushwa na kusi hufika kwenye moto kabla mwenye kanga hajaihisi, na dera ni baya zaidi. Upepo ukiwasumbua sana, sogezeni jiko ndani ya banda la makuti, hapo utakatika.

Mwisho, mwalimu wangu, dawa ya meno si dawa ya moto, wala asali, wala yai. Ni maji ya baridi yanayotiririka, kwa dakika 20, na mkiwa ufukweni hakikisheni pipa moja la maji baridi haliguswi kwa kazi nyingine.

MwenyejiKilwa amejibu:

Nakubaliana na yote aliyoyasema mama isipokuwa moja, na anisamehe. Nimekuwa nikiwaongoza wageni Kilwa na Lindi kwa miaka kadhaa, na katika safari zangu moto wa aina yoyote hauingii chini ya makuti. Mwezi Agosti makuti yamekauka kama karatasi. Mafuta ya kukaangia samaki yakishika moto, ulimi wake huruka juu kuliko kichwa cha mtu, na ukishafika kwenye paa hakuna mtu wa kuuzima kwa ndoo. Mafuta yenyewe yakiwaka, msimwagie maji kamwe. Zimeni gesi ikiwa mkono unafika, funikeni kwa mfuniko wa sufuria, na muuache mfuniko hapohapo mpaka kikaango kipoe. Namba ya Zimamoto ni 114, lakini kutoka Mtwara mjini hadi Msimbati ni mwendo, kwa hiyo hesabuni kwamba mtakuwa peke yenu.

Ubaya huohuo wa mabati ya mwalimu umo katika hema. Usiku kusi likizidi, mtu hushawishika kuingiza jiko ndani ili achemshe maji ya mtoto, au kuingiza mkaa uliobaki ili apate joto. Hema hushika moto kwa sekunde chache, na hata lisiposhika, moto unaokosa hewa ya kutosha hutoa kaboni monoksidi, hewa isiyo na rangi wala harufu, ambayo humlaza mtu asiamke. Chemsheni maji jioni, mtie kwenye chupa ya chai.

Makopo ya akiba yasibaki ndani ya gari lililofungwa juani, hasa nyuma ya kioo cha mbele. Yakae kivulini, mbali na mahali pa kupikia, na watoto wasiyajue yalipo. Halafu, kwa kuwa Msimbati imo ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, waulizeni wahifadhi mahali panaporuhusiwa kupiga mahema na kuwasha moto.

MamaMikindani amejibu:

Mwanangu wa Kilwa, kwa makuti umenishinda. Nilikuwa nafikiria banda langu, ambalo siku hizi lina bati juu, nikasahau la ufukweni. Mwalimu, lifute hilo.

MwalimuLindi ameandika tena:

Nawashukuru sana wote watatu. Tumeamua kubeba mtungi wa kilo 6 na ubao, jiko dogo litabaki kwa chai ya asubuhi kabla kusi halijapanda, na shemeji ameandikiwa kazi ya kushika sufuria. Leo nimelijaribu jiko tena uani nikiwa na kipande kimoja tu cha bati, upande wa kusini, na kopo kweli lilitoka jasho kama fundi alivyosema. Moto ulikuwa wa buluu na maji yalichemka, ingawa kwa kuchelewa. Lililobaki ni dogo: makopo yakiisha niyafanye nini? Kwetu takataka zote huchomwa nyuma ya nyumba.

FundiMajikoLigula amejibu:

Hilo si dogo, mwalimu. Kopo tunaloliita tupu huwa bado lina gesi kidogo isiyoweza tena kulisha moto, na likitupwa kwenye takataka zinazochomwa hupasuka na kurusha vipande vya chuma. Liache ndani ya jiko, mahali pa wazi, mpaka moto ujizimie wenyewe, litoe, litikise karibu na sikio usikie kama kuna kimiminika kinachocheza, kisha uliweke mbali na takataka nyingine. Usilitoboe kwa msumari. Rudini nayo Lindi, wala msiyazike mchangani, na mkipita Ligula niletee, kwa kuwa huwa nayakusanya na kuwapa wanunuzi wa vyuma chakavu, nao huwa nawaeleza kwanza ni kitu gani wanachokibeba.